Injini hii iliingizwa na nani? Historia ya magari ya Marekani yaliyoongezwa nguvu na mawakala

Katika minada ya magari ya kale nchini Marekani si ajabu kukuta Chevrolet Camaro mbili za mwaka 1969 zimeegeshwa sambamba, zote zikiwa na injini ya lita 7.0, zote zikiwa na michirizi ileile ubavuni yenye jina la Yenko, wakala wa magari wa zamani, na bado moja ikauzwa kwa mara kadhaa ya bei ya mwenzake. Mtazamaji asiyejua historia yake anaweza kudhani kwamba wanunuzi wamerukwa na akili. Hawajarukwa na akili. Wanalipia jibu la swali moja linalosikika jepesi lakini limefungamana na miaka kumi na mitano ya sera za makampuni, mianya ya taratibu na ujanja wa mafundi: injini ile iliingizwa na nani, mahali gani, na kwa agizo la nani?

Ili swali hilo lieleweke, ni lazima kwanza tumwelewe wakala wa magari wa Marekani, kwa sababu yeye ndiye mhusika mkuu wa habari hii. Kiwanda cha Chevrolet au Dodge hakikumuuzia raia gari moja kwa moja. Kilimuuzia wakala, mfanyabiashara anayejitegemea mwenye mkataba wa kuuza chapa hiyo katika eneo lake, na gari likishafika kwake na kulipiwa, likawa mali yake kabla halijawa la mteja. Wakala alikuwa na karakana yake, mafundi wake na stoo yake ya spea. Kiwanda kilibanwa na maamuzi ya makao makuu, lakini wakala hakubanwa nayo. Gari jipya lilipokuwa limekaa karakanani kwake likisubiri mnunuzi, hakuna kanuni ya kampuni iliyomzuia kulifungua boneti. Katika siku hizo chache, kati ya lori la kushusha magari na funguo kukabidhiwa mteja, ndipo yalipozaliwa magari tunayoyazungumzia.

Sasa, kwa nini makao makuu yalibana? Mwaka 1957 watengenezaji wa Marekani, kupitia chama chao, walikubaliana kujitoa katika mashindano ya magari na kuacha kutangaza kasi na nguvu kama kivutio cha biashara. Makubaliano hayo yalikuwa yakivunjwa chini kwa chini na karibu kila mmoja wao, lakini Januari 1963 uongozi wa General Motors, kampuni mama ya Chevrolet na Pontiac, uliamua kuyasimamia kwa dhati na ukaziamuru chapa zake zote ziache kabisa shughuli za mashindano. Sambamba na hilo, General Motors iliweka mipaka ya ukubwa wa injini kulingana na ukubwa wa gari. Gari la umbo la kati lilipangiwa injini isiyozidi inchi za ujazo 330, yaani lita 5.4 hivi, baadaye mpaka huo ukapandishwa hadi inchi 400, ambazo ni kama lita 6.6, na kati ya magari yasiyo ya umbo kubwa ni Corvette peke yake, gari la spoti la Chevrolet, iliyoruhusiwa kuuvuka.

Pontiac ndiyo iliyotangulia kuonyesha kwamba sera ya aina hiyo inaweza kuzungukwa kwa karatasi. Kwa mwaka wa modeli 1964, wahandisi wake wakiongozwa na John DeLorean walichukua injini ya inchi 389 ya magari makubwa wakaiweka kwenye Tempest LeMans, gari la umbo la kati. Hawakuiita modeli mpya, kwa kuwa modeli mpya ingelazimu kibali cha makao makuu. Waliiandika kama kifurushi cha nyongeza ambacho mteja angeweza kukiagiza, wakakipa jina la GTO. Magari 32,450 yaliuzwa mwaka huo wa kwanza. Wengi huanzia hapo kuhesabu enzi ya kile ambacho Wamarekani wenyewe hukiita gari la misuli: gari la kawaida la umbo la kati au dogo, lenye injini kubwa kupita kimo chake, kwa bei ambayo kijana mwenye ajira aliweza kuimudu.

Lakini mawakala walikuwa wameanza hata kabla ya GTO. Katika mji wa Royal Oak, jimboni Michigan, karibu kabisa na Detroit, kulikuwa na wakala aliyeitwa Royal Pontiac, mali ya Ace Wilson. Jim Wangers, mtu wa matangazo aliyefanya kazi kwenye akaunti ya Pontiac, alimshawishi Wilson aligeuze duka lake liwe mahali ambapo mteja anauziwa mwendo na ushauri wa mwendo pamoja na gari. Mwaka 1960 Wangers mwenyewe aliendesha Pontiac Catalina ya Royal katika mashindano ya taifa ya mbio fupi za mstari ulionyooka mjini Detroit na akashinda katika kundi la magari ya kawaida. Ushindi ule ulileta wateja, na wateja wakaleta kifurushi kilichokuja kujulikana kama Bobcat, jina ambalo inasimuliwa kwamba herufi zake zilikusanywa kutoka kwenye nembo za Bonneville na Catalina.

Inafaa tukitazame kifurushi hicho kwa karibu, kwa sababu kinaonyesha jinsi kazi ya wakala ilivyoweza kuwa ndogo kwa macho na kubwa kwa matokeo. Fundi wa Royal alivua silinda hedi na kuweka gasketi nyembamba zaidi, ili nafasi ya juu ya pistoni ipungue na mgandamizo uongezeke. Alibadilisha jeti za kabureta. Aliirekebisha distribyuta ili cheche iwahi zaidi. Aliziba kijia kinachopitisha moshi wa moto chini ya kabureta, kwa kuwa mchanganyiko wa hewa na petroli ukiingia baridi huwa mzito na huzaa nguvu zaidi. Mwisho alifunga nati za kushikilia roka zisilegee, ili valvu ziendelee kutii injini inapozungushwa kwa kasi kubwa. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana mtu akiinua boneti na kuchungulia.

Royal ilifika mbali zaidi ya hapo. Jarida la Car and Driver lilipoijaribu GTO mwaka 1964, gari lililotolewa kwa majaribio lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi wa Royal na, kama Wangers alivyokuja kukiri miaka mingi baadaye, ndani yake mlikuwa na injini ya inchi 421 badala ya 389. Udanganyifu huo uliwezekana kwa sababu injini za V8, yaani za silinda nane, za Pontiac za wakati huo zilifanana kwa umbo la nje, na kuzitofautisha kwa macho kulihitaji mtu anayejua atazame wapi. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa kuwa ndilo litakalotusumbua mwishoni.

Mawakala wa chapa nyingine nao waliutumia uhuru wao, na mara nyingine wakakifundisha kiwanda. Jijini Chicago, Norm Kraus wa Grand Spaulding Dodge, ambaye wateja walimjua kama Mr. Norm, alitaka Dart yenye injini ya inchi 383. Wahandisi wa Dodge walikuwa wamesema injini ile haiwezi kuingia katika gari dogo namna ile. Mafundi wake wakaiingiza, gari likapelekwa Detroit likaonekana kwa macho, na Dodge ikaanza kuitoa Dart ya namna hiyo kiwandani. Kwa Ford, Bob Tasca wa East Providence, Rhode Island, alikuwa akilalamika kwamba Mustang yenye injini ya 390 inapigwa barabarani na magari ya General Motors. Mwaka 1967 mafundi wake waliunganisha injini ya inchi 428 kutokana na spea ambazo zilikuwa tayari kwenye orodha ya Ford yenyewe, wakaipa Mustang hiyo jina la KR-8. Jarida la Hot Rod liliandika habari zake na kuwaomba wasomaji waieleze Ford kama wanalitaka gari hilo, na Aprili 1968 Ford ikatoa injini ya 428 Cobra Jet. Kwangu mimi huu ni ushahidi kwamba wakala hakuwa mchakachuaji wa kazi za wahandisi. Alikuwa sikio la kiwanda mahali ambapo menejimenti haikuwa ikisikiliza.

Camaro na lita saba

Kiini cha habari yetu, hata hivyo, ni Chevrolet. Camaro ilipoingia sokoni mwishoni mwa 1966 kama modeli ya 1967, injini yake kubwa kuliko zote ilikuwa ya inchi 396, lita 6.5, kwa sababu ya ule mpaka wa inchi 400. Wakati huohuo Corvette ilikuwa ikiuzwa na injini ya inchi 427, lita 7.0. Injini hizi mbili zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Pistoni zake zilipanda na kushuka umbali uleule wa inchi 3.76, kilichotofautiana ni kipenyo cha silinda. Kwa nje zililingana, mabano ya kuzifungia yalikuwa yaleyale, giaboksi iliyoingia hapa iliingia na pale. Kwa fundi mwenye winchi na siku moja au mbili za kazi, mpaka uliowekwa na General Motors ulikuwa umeandikwa kwenye karatasi tu.

Ndiyo maana wazo lilichipuka sehemu nyingi kwa wakati mmoja. Dana Chevrolet huko California ilifanya hivyo, na Nickey Chevrolet ya Chicago vilevile. Katika kitongoji cha Baldwin, Long Island, jimboni New York, wakala Baldwin Chevrolet aliungana na jirani yake, karakana ya Motion Performance ya Joel Rosen, na ushirikiano wao ukawa wa namna ya pekee: mteja alichagua kutoka kwenye orodha ndefu ya vipuri, wakala akamuuzia gari, Rosen akalijenga. Kwa magari yao ya daraja la juu, yaliyoitwa Phase III, Rosen alitoa ahadi ya maandishi kwamba gari litamaliza robo maili, yaani kama mita 400, kwa sekunde 11.50 au chini ya hapo katika uwanja unaotambuliwa likiendeshwa na dereva wao. Hata leo huo ni muda unaoheshimiwa kwa gari lenye namba za barabarani.

Jina lililobaki midomoni mwa watu kuliko yote, lakini, ni la Don Yenko wa Canonsburg, Pennsylvania. Alikuwa dereva wa mashindano ya Corvette na mtoto wa familia yenye duka la Chevrolet. Gari lake la kwanza la kujulikana halikuwa na injini kubwa hata kidogo. Lilikuwa Corvair, lile gari dogo la Chevrolet lenye injini nyuma, alilolibadilisha ili lishindane katika mbio za magari ya spoti. Chama cha mchezo huo kilitaka magari 100 yawe yamekamilika kabla ya msimu wa 1966 kuanza, na kwa mujibu wa kanuni zake gari la spoti lilikuwa na viti viwili. Basi Yenko aling'oa kiti cha nyuma, akajenga magari yake 100, na akayaita Stinger. Somo alilolipata hapo ni kwamba kanuni ikisomwa kwa makini huwa na mlango.

Kwa modeli za 1967 na 1968 karakana ya Yenko ilitoa injini za inchi 396 zilizokuja na Camaro na kuweka za 427. Kazi hiyo ilikuwa na mzigo wake. Mafundi walitumia saa nyingi kwa kila gari, injini mpya iliyotolewa ilibidi itafutiwe matumizi mengine, na juu ya yote kulikuwa na suala la dhamana, kwa maana kiwanda hakikuwa na wajibu wa kuidhamini injini ambayo hakikuifunga chenyewe.

Agizo la ofisi kuu

Mlango ulikuwa ndani ya Chevrolet kwenyewe. Kampuni ilikuwa na utaratibu wa siku nyingi ulioitwa Agizo la Uzalishaji la Ofisi Kuu, ambao kwa herufi zake za Kiingereza hujulikana kama COPO. Uliwekwa kwa ajili ya wateja wa magari mengi kwa mkupuo: kampuni ya teksi inayotaka viti vya kudumu, idara ya polisi inayotaka breki na springi imara, shirika linalotaka malori yake yapakwe rangi isiyo kwenye kitabu cha rangi. Maombi ya namna hiyo hayakupitia kamati za juu zilizoidhinisha vifurushi vya kawaida vya nyongeza. Yalishughulikiwa na wahandisi wa Chevrolet, na swali lao lilikuwa moja tu, kama jambo linatengenezeka.

Yenko, kwa msaada wa Vince Piggins, mhandisi aliyesimamia masuala ya nguvu na mashindano ndani ya Chevrolet, aliuliza: ikiwa ofisi kuu inaweza kuagiza teksi, kwa nini isiagize Camaro yenye injini ya 427? Jibu lilikuwa agizo namba 9561 la modeli ya 1969. Camaro zilitoka kwenye mstari wa kiwanda cha Norwood, Ohio, zikiwa tayari na injini hiyo ya 427, ambayo msimbo wake wa kiwandani ni L72, yenye nguvu farasi 425, difu ya uwiano wa 4.10, rejeta kubwa na breki za diski mbele. Nyongeza ya bei ya injini hiyo haikufika dola 500. Dhamana ikawa ya kiwanda. Kazi iliyobaki kwa Yenko ilikuwa kubandika michirizi na nembo, kushona herufi sYc, kifupi cha Yenko Super Car, kwenye mito ya kichwa ya viti, na kuuza.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Agizo likishapewa namba, wakala yeyote wa Chevrolet aliyejua kuwa lipo aliweza kulitumia. Yenko alichukua takriban Camaro 200 kati ya elfu moja hivi zilizotengenezwa kwa agizo hilo. Nyingine zilikwenda kwa Berger Chevrolet ya Grand Rapids, Michigan, na kwa mawakala wengine wengi, zikauzwa bila mchirizi wowote, na rimu za chuma za kawaida, kama gari la mhasibu. Kwa hiyo Camaro zote za Yenko za 1969 ni za COPO, lakini sehemu kubwa ya COPO si za Yenko. Na zote hizo, tukisema kwa ukali wa lugha, si magari yaliyobadilishwa na wakala, kwa sababu injini ilifungwa kiwandani. Wakala alikuwa amevuka kutoka kuwa fundi na kuwa mwagizaji.

Agizo lingine, namba 9560, lilizaa gari la ajabu zaidi. Fred Gibb, wakala wa mji mdogo wa La Harpe, Illinois, aliagiza Camaro 50 zenye injini ya ZL1, ambayo ni ile 427 lakini bloki na silinda hedi zake zote ni za aluminiamu. Hamsini ndiyo idadi iliyotakiwa na waandaaji wa mbio fupi ili gari lihesabiwe kuwa la kawaida. Magari yalipomfikia, bei ya kila moja ilikuwa imepita dola 7,000, injini peke yake ikigharimu zaidi ya 4,000, katika siku ambazo Camaro ya kawaida ya V8 ilikuwa chini ya dola 3,000. Katika mji ule hakukuwa na watu 50 wa kununua gari la bei hiyo, na Gibb alilazimika kurudisha zaidi ya nusu yake. Jumla ya Camaro za ZL1 zilizotengenezwa ni 69 tu.

Kwa nini yalikoma

Maelezo ya kawaida ni kwamba mgogoro wa mafuta wa 1973 uliyaua magari haya. Sikubaliani nayo, kwa sababu yalikuwa yameshakufa kabla ya hapo. Pigo la kwanza lilitoka kwa makampuni ya bima, yaliyopandisha ada kwa vijana wenye magari ya nguvu nyingi kiasi kwamba bima ya mwaka ilianza kukaribiana na malipo ya mkopo wa gari. Yenko alilisoma hilo vizuri: mwaka 1970 aliachana na lita saba, akatoa Chevrolet Nova aliyoiita Deuce, yenye injini ndogo ya inchi 350 iliyochokonolewa hadi nguvu farasi 360, gari ambalo kwenye fomu ya bima lilionekana la kawaida.

Pigo la pili lilikuwa la kinyume, na mara nyingi husahaulika. Kwa modeli za 1970 General Motors iliondoa ule mpaka wa inchi 400, na Chevelle, Chevrolet ya umbo la kati, ikaanza kuuzwa na injini ya inchi 454, nguvu farasi 450, kwa wakala yeyote nchini. Mwanya ambao wakala aliishi ndani yake ukazibwa kwa kufunguliwa mlango mkubwa. Kisha ikaja Sheria ya Hewa Safi ya 1970, ambayo haikuishia kuwawekea viwanda viwango vya moshi. Iliwataja mawakala waziwazi na kuwakataza kuondoa au kuzima vifaa vya kudhibiti moshi, hata baada ya gari kuuzwa, kwa faini iliyoweza kufika dola 10,000. Mteja akiwa na spana nyumbani kwake hakuguswa na kifungu hicho. Wakala aliguswa. Modeli za 1971 zilipotoka na mgandamizo uliopunguzwa ili zitumie petroli yenye risasi kidogo, kazi ya karakana za mawakala ilikuwa imekwisha mahali pengi.

Kusoma chuma na karatasi

Turudi kwenye zile Camaro mbili za mnadani. Mtu hufikiri kwamba namba ya chesisi itamaliza ubishi, lakini namba ya Chevrolet ya 1969 inasema kidogo. Ikianza na 124379N, tarakimu ya 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro yenye injini ya V8, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa, 9 ni mwaka, na N ni Norwood. Zinazofuata ni namba za mfuatano. Inasema V8, haisemi V8 ipi. Chevrolet ilianza kuingiza alama ya injini ndani ya namba ya chesisi mwaka 1972, wakati gari tunalolitafuta lilikuwa limeshapita.

Kwa hiyo mkaguzi huinama mbele ya injini, upande wa abiria, ambako bloki ina kijukwaa kidogo kilichosawazishwa kwa mashine. Akikuta, kwa mfano, T0212MN, anajua injini iliunganishwa Tonawanda, New York, Februari 12, na MN ni alama ya 427 ya COPO yenye gia za mkono. Karibu yake huwa kumegongwa sehemu ya namba ya chesisi, inayopaswa kulingana na ya gari. Hata hivyo, herufi zilizogongwa kwa nyundo zinaweza kusagwa na kugongwa upya, ndiyo sababu mkaguzi makini huangalia pia mikwaruzo myembamba iliyoachwa na mashine ya kiwandani kwenye uso wa kijukwaa kile, ambayo ni vigumu kuigiza. Baada ya hapo huomba karatasi: ankara, fomu ya kiwandani iliyosafiri na gari kwenye mstari, kibati cha dhamana kilichokuwa na alama ya injini. Kumbukumbu za Pontiac na za magari yaliyouzwa Kanada zimehifadhiwa na zinaweza kuombwa. Kwa Chevrolet za Marekani kilichobaki zaidi ni kumbukumbu za usafirishaji, ambazo humweleza mtu gari lilipelekwa kwa wakala gani bila kumwambia lilikuwa na nini ndani.

Na mantiki hiyo yote hupinduka mtu akisogea nyuma miaka miwili tu. Camaro ya Yenko ya 1967 iliondoka kiwandani na injini ya 396, kisha ikawekewa Canonsburg bloki ya 427 iliyonunuliwa kama spea, ambayo haikutengwa kwa ajili ya gari lolote na haikugongwa namba ya gari lolote. Mkaguzi akikuta gari la mwaka huo, linalodaiwa kuwa la Yenko, lina bloki ya 427 iliyogongwa namba inayolingana kikamilifu na chesisi, hapo ndipo anapofunga daftari lake na kuanza kumuuliza mwenye gari maswali.